Gari Bovu Uani: Ulimalize au Uliuze kwa Kilo?

Malindi ni nadra kupata mtaa usio na gari lililopandishwa juu ya mawe. Pita Shela, pita Barani, ingia hata Casuarina kwenye majumba ya Waitaliano, utaliona: boneti imeng'olewa, kuku wanataga kiti cha nyuma, na mwenyewe ukimuuliza atakwambia, "Nalitengeneza polepole." Mimi nimewahi kuwa na mawili ya aina hiyo kwa wakati mmoja, Land Rover Series III na Pijo (Peugeot) 504 saluni. Land Rover niliimaliza na inatembea. Pijo niliiacha. Watu huniuliza niliamuaje, na wapenzi wa magari hawalipendi jibu langu, maana wao hutaka tuzungumze injini.

Injini haiui gari. Ya Land Rover ilikuwa imekwama kabisa, pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu ya kukaa. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli kwenye matundu yake, nikaiacha ilowe, na kila jioni nikawa naijaribu kwa hendeli ya kuizungushia kwa mkono, bila kulazimisha. Siku moja ikasogea. Na hata isingesogea, nisingekata tamaa, kwa sababu ile petroli ya 2,286 cc ilitiwa kwenye magari mengi mno, na spea zake mpya zinatengenezwa mpaka leo. Injini unaweza kununua, kuazima, hata kuifunga ya gari jingine. Chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikioza huku pwani ni habari nyingine.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima wa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapahapa Malindi. Nilimwita aje asikilize injini ya Pijo, ambayo ilikuwa bado inawaka vizuri tu. Hakutaka hata niiwashe.

"Mwanangu, hiyo utanionyesha baadaye. Nipe nyundo na bisibisi."

Akalala chali juu ya boksi la katoni, akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hukurudia mkononi. Kilichooza hutoa sauti nzito, bu, na vumbi jekundu linakuangukia usoni (vaa miwani, tafadhali). Pale penye sauti nzito aliweka ncha ya bisibisi akasukuma kwa kiganja tu, bila kupiga. Chini ya mlango wa dereva ilizama hadi kwenye mpini. Akaitoa, akanitazama, akaendelea kugonga. Hakuhitaji kuniambia kitu.

Sasa, kwa nini kutu hiyohiyo iliiua Pijo na haikuiua Land Rover? Ni jinsi zilivyoundwa. Land Rover ilipotoka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu na kuwekwa juu ya chesi ya chuma inayojitegemea. Unaweza kuivua bodi yote, ukachomelea chesi au ukaibadilisha nzima, kisha ukairudisha. Si kwamba aluminiamu haina maradhi yake. Inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi huliwa, inatoa unga mweupe kandokando ya boliti, na hapo utalazimika kukata na kutia kiraka. Lakini ni kazi ya sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ina mwisho.

504 saluni haina chesi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Vile vizingiti chini ya milango, sakafu na nguzo ndivyo vinavyoshikilia gari lisikunjike. Vikioza vyote, unaunda gari upya kwa mabati, na ukikata vizingiti bila kuitegemeza bodi kwa vyuma, milango haitafungika tena. Na fundi wa kuchomelea kwa stima, aliyezoea mageti na madirisha, akigusa bati jembamba la gari analitoboa. Pijo ni gari la heshima, sibishi. Mwaka 1975 dereva Ove Andersson alishinda mashindano ya Safari Rally kwa 504, na barabara za miaka hiyo wazee wetu wanazijua. Lakini gari lililoshinda halikukaa miaka mitatu chini ya turubai mita chache kutoka baharini.

Hilo la turubai nilitaje kabisa. Watu hudhani wanalihifadhi gari, kumbe wanaufungia unyevu ndani, na mvua za kusi zikija, chuma hakikauki. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora mara nyingi.

Ukishajua hali ya chuma, angalia karatasi kabla hujanunua hata boliti moja. Pijo ilikuwa ya marehemu ami yangu na logibuku, ile hati ya umiliki, ilibaki kwa jina lake. Kuihamisha kunataka mirathi ipitie mahakamani, na sisi Waislamu huenda kwa Kadhi. Warithi ni wengi, wengine wako Mombasa, mmoja yuko Oman. Kila mmoja alikuwa mwema na hakuna aliyenizuia kutengeneza. Lakini nani anataka kumwaga pesa kwenye gari ambalo likianza kung'aa litakuwa la watu wanane? Kama chuma kingekuwa kizima, ningeanzia kwa Kadhi, fundi angengoja.

Suala la pesa lina maneno mengi barazani. Utaambiwa, "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge." Wanaokuambia hivyo hawalipi fundi. Pesa iliyokwisha kuingia usiihesabu, haitarudi ukimaliza wala ukiacha. Chukua karatasi, andika yaliyobaki kuanzia leo tu: mabati, gesi, rangi, matairi, nyaya, mpira wa vioo, ufundi, na usafiri wa kwenda Mombasa kila spea inapokosekana, kwani ni zaidi ya kilomita 100 kwenda peke yake. Kisha ulizia bei ya gari kama hilo linalotembea. Ikiwa yaliyobaki yanapita bei hiyo, nunua linalotembea. Kama bado moyo unalitaka lako, limalize, ila ziandike pesa hizo kama mchango wa harusi, usije ukamwambia mama watoto kwamba ni biashara.

Mimi Pijo niliiuza, kwa idhini ya warithi wote kwa maandishi, vipande vipande. Usikimbilie kwa wa skrepa kwanza, yeye anapima kilo na injini nzima kwake ni chuma tu. Injini na giaboksi zilichukuliwa na mtu wa upande wa Marafa mwenye pikapu ya 504 inayobeba maembe. Nilimwashia akaisikia ikiwa bado ndani ya gari, ndiyo maana hakupunguza bei sana. Vioo, taa na dashibodi vilikwenda polepole, na ganda ndilo lililokwenda kwenye mizani mwisho kabisa. Logibuku bado iko kabatini. Walikuja vijana wawili wakitaka hiyo na vibao vya namba tu, gari hawana haja nalo, na bei waliyotaja ilikuwa tamu. Wakija kwako pia, wafungie mlango: karatasi za gari lililokufa ndizo hutumika kulivisha jina gari la wizi, na polisi wakilikamata wataanzia kwa mwenye jina lililoandikwa humo.