Wasomaji Wauliza: Bendi Ndogo, Spika Moja na Harusi za Amu

*Assalaamu alaykum, mwalimu. Sisi ni vijana wanne wa Langoni, hapa Amu (Lamu). Mmoja hupiga udi (ala ya nyuzi), mmoja kibodi, mmoja dumbaki (ngoma ya mkono), na mimi ndiye mwimbaji. Mali yetu yote ni spika moja ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani, miksa ndogo na maiki tatu. Hualikwa katika harusi za mjini, Shela na mara nyingine Matondoni, na kila tukienda mambo huwa yale yale: maiki hupiga mluzi, udi hausikiki, nami hurudi nyumbani sauti imekauka. Wenzangu wanataka tukope fedha tununue spika nne kubwa. Watushauri vipi?*
*Mwimbaji, Langoni, Lamu*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nakuomba uwazuie wenzako wasikope, angalau mpaka muwe mmejaribu haya nitakayoyaeleza, kwa sababu katika barua yako sikuona mahali ambapo spika ndiyo iliyowashinda. Mluzi unaoulalamikia ni sauti iliyotoka kwenye spika ikaingia tena katika maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, na kuzunguka hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkileta spika nne katika ukumbi ule ule na kukaa vile vile mlivyokaa, mtakuwa mmeupa mzunguko huo nguvu zaidi, na deni juu yake.

Anza na maiki. Kwa bendi yenu maiki tatu ni nyingi, maana kila mnapozidisha maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, nafasi ya kupandisha sauti kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Bakisha maiki moja ya kwako, na udi uingizwe kwenye miksa kwa kinasa sauti kidogo cha kubandikwa juu ya ubao wake. Hicho husikia mtikisiko wa ubao kuliko kelele za hewani, kwa hiyo si rahisi kipige mluzi. Waya wake usizidi mita sita, vinginevyo sauti nyembamba za udi hufifia njiani na mvumo huingia. Sauti nzito zipunguzwe kwenye miksa, kwa kuwa tumbo la udi lenyewe huvuma vya kutosha.

Kisha utazame mkono wako. Waimbaji wetu wengi hupenda kukifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, nami naelewa kwa nini, kwani mtu huhisi ameishika sauti yake. Lakini maiki za kuimbia zimetengenezwa zisikie mbele na ziwe viziwi upande wa nyuma, na uziwi huo hutokana na matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki husikia pande zote na mluzi huanza papo hapo. Ishike katikati ya mpini. Uisogeze pia karibu na mdomo: ukiitoa kwenye umbali wa kiganja na kuileta nusu yake, sauti yako inayoingia humo huongezeka kwa desibeli 6 hivi bila mtu kugusa kitufe chochote. Kwa ukaribu huo sauti itakuwa nzito, basi punguza besi kidogo.

Sasa nikusimulie kosa langu mwenyewe. Tulialikwa katika nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, tukapangwa katika uwanja wa ndani, ule ambao watu wa Amu huuita kiwanda. Mimi niliiweka spika nyuma yetu, juu ya ngazi, nikiamini kwamba hivyo sisi na wageni tutasikia pamoja. Kabla ya magharibi tulijaribu, pakawa shwari. Usiku, ubeti wa pili haukwisha: mlio ulitoka mkali mpaka bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akaziba masikio kwa ukaya wake, na mtoto aliyekuwa pajani mwake akaanza kulia. Nilikimbilia miksa nikashusha kila kitu, na mwimbaji wetu akaimba ubeti uliosalia kwa sauti yake tupu. Hapo ndipo nilipostuka, kwa maana kila neno lilisikika. Kuta zile za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa zilimrudishia sauti na kuisambaza, na wageni walinyamaza ili wamsikie. Niliichukua spika, nikaipeleka hatua tatu mbele ya bendi, nikaisimamisha juu ya stendi ikipita vichwa vya waliokaa, nikaigeuzia mgongo maiki. Tukamaliza usiku kwa sauti isiyofika nusu ya ile tuliyoanza nayo.

Tangu siku hiyo huingia kila nyumba kwa kupiga makofi kwanza. Kofi likirudi kwa ukali, chumba kina kuta tupu na kinahitaji sauti ndogo. Likizimika, kuna mazulia, mapazia au watu, na unaweza kuongeza. Ukumbuke kwamba ukumbi mtupu wa alasiri si ukumbi wa usiku, kwa sababu miili na nguo za wageni hunywa sauti nyembamba, na utalazimika kuirekebisha miksa baada ya wimbo wa kwanza. Katika uwanja ulio wazi, kama kule Shela karibu na pwani, hesabu hubadilika: sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, na hakuna ukuta wa kuisaidia. Huko mwombe mwenye harusi awakalishe wageni karibu nanyi, nawe uiweke spika mahali ambapo upepo unavuma kuelekea kwa watu.

Dumbaki haina haja ya maiki katika nyumba yoyote ya Amu niliyowahi kuingia. Mpigaji asikae nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa maiki inayotazama mdomo wako hutazama pia yeyote aliye mgongoni mwako. Akae ubavuni, hatua mbili kutoka kwako, juu ya mkeka mzito, na apige kwa ncha za vidole wakati unapoimba. Mkono mzima auache mpaka kiitikio.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo halinunuliwi dukani. Barua yako yasema udi hausikiki. Nina hakika kwamba mpiga kibodi anautumia mkono wa kulia katika sauti zile zile za udi, na wa kushoto unajaza besi bila kupumzika, na midundo ya kibodi nayo inakwenda sambamba na dumbaki. Watu wanne wanapiga kazi ya watu wanane. Zimeni midundo ya kibodi, kwa kuwa dumbaki mnayo. Mkono wa kulia upande oktavu moja juu ya udi (sauti ile ile, ila nyembamba zaidi), au unyamaze kabisa unapoimba mshororo, na udi ujibu mwishoni mwa mshororo, pale unapovuta pumzi. Mfanye zoezi moja kila juma bila umeme: mkae duara juu ya mkeka, kibodi ikiwa na sauti yake ndogo ya ndani au ikiwekwa kando, na mpige wimbo mzima hadi kila mmoja aweze kuyasikia maneno yako. Mtu asiyeyasikia maneno ndiye anayepiga kwa nguvu kupita kiasi.

Msiogope udogo wenu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikwenda na kikundi kidogo cha wapiga ala. Kidumbak cha Unguja husimama juu ya ngoma mbili ndogo, fidla, vijiti na sanduku la mbao lililowambwa uzi mmoja kuwa besi, na harusi huchezwa mpaka alfajiri. Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Lamu, alizijengea nyimbo zake heshima akiwa na udi kifuani. Hao walizipanga sauti zao zisigombane, ndiyo maana walisikika.

Kuhusu usafiri wa Matondoni, pakieni kwa kufuata shogi la punda, ambalo hutaka uzito ulio sawa pande zote mbili: spika upande mmoja, stendi, nyaya na miksa upande wa pili. Mkienda kwa boti, kila kitu kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa maana rasharasha za maji ya chumvi hula viungo vya nyaya polepole, na mnakuja kugundua baada ya miezi, siku ya kazi.

*Kaka, salaam kutoka Malindi. Mimi na dada zangu wawili hupiga kibodi, rika (dufu dogo lenye njuga) na kuimba katika usiku wa wanawake kabla ya harusi. Umeme hukatika mara kwa mara. Tulipokodi jenereta ilinguruma kuliko sisi, na mwenye nyumba alitaka tuiingize uani kwa kuogopa wezi. Je, betri yaweza kubeba shughuli nzima?*
*Mama wa kibodi, Malindi*

Dada yangu, nashukuru umeuliza kabla ya kuiingiza jenereta hiyo. Isiingie ndani, wala uani palipozungukwa na kuta, hata kwa dakika kumi. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo humlaza mtu na kumuua, na usiku wa wanawake madirisha hufungwa na mapazia hushushwa ili walio nje wasione. Kama hapana budi kuitumia, ikae nje kabisa, mbali na dirisha, upande ambao upepo unautoa moshi, na umlipe kijana wa kuilinda.

Betri yaweza kubeba, na kwa kundi la watu watatu ndiyo ningeichagua. Hesabu yake ni hii. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri za risasi huharibika upesi zikinyonywa hadi mwisho, kwa hiyo hesabu nusu tu, yaani 600. Inveta, kifaa cha kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula sehemu yake, zikabaki 500 hivi. Usitishwe na maandishi ya wati 1,000 kwenye spika, kwani hiyo ni nguvu ya juu kabisa. Kwa sauti ya ndani ya nyumba, spika, kibodi na miksa kwa pamoja zaweza kutumia wastani wa wati 100 tu. Mna saa tano. Pimeni siku moja nyumbani kabla ya kuahidi, maana betri iliyozeeka hushika kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Mtakapoinunua inveta, ulizeni ile inayotoa mawimbi laini kama ya umeme wa nyumbani. Zile za bei nafuu hutia mvumo katika spika ambao utausikia kila mara wimbo unapotulia, na usiku kama huo nyimbo nyingi zina mahali pa kutulia. Hata mkiwa na umeme wa kawaida, chomekeni vyombo vyote kwenye ekstensheni moja; mvumo mwingi huja pale kibodi inapochomekwa chumba hiki na spika chumba kile.

Na nikuongezee moja ambalo hukuuliza. Katika nyumba iliyojaa wanawake wanaoitikia kwa makofi na vigelegele, kiitikio ni chao. Imbeni ubeti kwa maiki, na kiitikio kinapofika iondoe maiki mdomoni, uwaachie. Betri itadumu zaidi, nao watakuwa wameimba harusi ya binti yao kwa sauti zao wenyewe.

*Mwalimu, tunapopiga karibu na bahari nyuzi za udi wangu hulegea na dumbaki ya ngozi hufa sauti. Nifanyeje?*
*Mpiga udi, Shela*

Ubao hunywa unyevu na kuvimba, na nyuzi hutoka mahali pake. Ngozi hunywa na kulegea. Ufikishe udi mahali pa shughuli saa nzima mapema, uutoe kwenye mfuko wake, uuache uizoee hewa ya pale, ndipo uzilinganishe nyuzi, na uzirudie tena baada ya wimbo wa kwanza. Usiuache karibu na feni wala kwenye baraza yenye jua. Baada ya kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu kutoka juu hadi chini, kwa sababu jasho na chumvi hula zile nyuzi nene zilizozungushiwa madini. Dumbaki ikanze kwa makaa, ngozi ikiwa mbali kiasi ambacho mkono wako waweza kuvumilia joto, ukiizungusha ili ikazike sawa pande zote. Na weka kigae cha makaa nyuma ya bendi usiku kucha, kwa maana umande wa Shela huanza kushuka mapema, na utaikanza tena kabla ya saa sita.