Viza ya China kwa anayefuata mzigo mara kwa mara

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo, naenda Guangzhou kufuata mzigo mara tatu nne kwa mwaka, nikikaa sana ni wiki mbili. Siku zote ajenti ananichukulia viza ya utalii ya kuingia mara moja, anasema ndo haina maswali mengi. Safari ijayo nataka nikiwa kule nipite Hong Kong siku mbili kisha nirudi Guangzhou kufunga mzigo, halafu binamu yangu ana ofisi ya kago kule anataka nibaki nimsaidie kama mwezi hivi. Nichukue viza gani?
Mama Mikoba, Kariakoo

JIBU: Dada yangu, pole na mihangaiko. Huyo ajenti anakupa viza iliyo rahisi kwake, sio inayokufaa wewe. China wanagawa viza kwa herufi, L ni ya matembezi na M ni ya biashara, na wewe unayeenda kukagua mali, kupatana bei na kulipa advansi ni M, hakuna mjadala. Ukiwa na L halafu kila miezi mitatu uko pale uwanja wa ndege wa Baiyun, siku afisa akikuuliza umekuja kutembelea wapi utamjibu nini, na simu yako imejaa risiti za mikoba?

M inataka barua ya mwaliko kutoka China. Muombe sapulaya wako unayenunua kwake siku zote, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasi, tarehe za kwenda na kurudi, unaenda kufanya nini, nani analipia, na upande wao jina la kampuni, anwani, simu, sahihi na muhuri. Maonyesho ya Canton pia, yale ya Guangzhou ya kila Aprili na Oktoba, yanatoa mwaliko kwa wanunuzi waliojisajili. Barua ya kununua kwa ajenti usiiguse hata akikwambia wenzio wote wanaitumia, maana ubalozi ukipiga simu ile namba na kampuni ikasema haikujui, jina linaloharibika ni lako, yeye hayumo.

Sasa hapa kwenye idadi ya kuingia ndo watu wanalia. Kuna ya mara moja, mara mbili, na ya mara nyingi ndani ya miezi sita au mwaka. Ukivuka kwenda Hong Kong, hata kama ni treni ya kama saa moja tu, kwa uhamiaji umeshatoka China bara, kwahiyo mwenye viza ya mara moja harudi tena, mzigo uko Guangzhou na yeye yuko ng'ambo anaanza kutafuta viza nyingine. Wewe omba ya mara nyingi, ambatanisha kopi za viza zako za nyuma waone huwa unarudi kwa wakati, wakikupa mbili kwa kuanzia bado hiyo safari inatosha.

Ikitoka isome palepale dirishani kabla hujaondoka. Utaona herufi M mara mbili kama umepata ya mara nyingi, moja ni aina ya viza na nyingine ni idadi ya kuingia, usizichanganye. Kuna tarehe ya mwisho, hiyo ni ya mwisho kuingia, sio ya mwisho kukaa. Siku za kukaa zimeandikwa peke yake, mfano 30, na zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kuingia. Viza inaweza kuwa ya mwaka mzima lakini siku ya 31 uko makosani, na faini ni yuan 500 kwa kila siku mpaka 10,000, wakiamua wanakuweka ndani kabisa.

Kuhusu binamu, hapana. M hairuhusu kufanya kazi hata kwa ndugu, kazi ni viza ya Z na kibali ambacho kampuni yake ndo inakiombea. Kwenda kumsalimia na kulala kwake nenda tu, ila hoteli huwa inakuandikisha yenyewe polisi, kwake ni lazima mjiandikishe wenyewe kwa polisi wa mtaa ndani ya saa 24 tangu ufike, na pasi yako mkononi.