Ndege kuruka na kiporo: maswali yenu

Niligusia kwamba ndege ya abiria inaweza kuruka kihalali huku kifaa fulani kimekufa na matengenezo yake yameahirishwa, ndicho ninachokiita kiporo, na maswali yakamiminika. Nimechagua haya.

Fundi, shikamoo. Yaani ndege mbovu inapaa na watu ndani, na serikali inajua?

Marahaba. Inajua, na imeidhinisha. Kila shirika lina orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila navyo kwa muda. Mafundi tunaiita MEL. Inatokana na orodha kuu ya aina hiyo ya ndege. Shirika linaweza kuikaza lakini haliruhusiwi kuilegeza, na mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu TCAA na kwa wenzetu Kenya KCAA, ndiyo inayoipitisha. Kifaa kinachogusa usalama kisipotajwa humo, lazima kiwe kizima. Bawa halimo, usihangaike kulitafuta.

Ruhusa yenyewe huja na masharti. Boeing 737 ina mitambo miwili inayoleta hewa safi ndani na kuipoza. Mmoja ukifa unaweza kuruka, ila usipande zaidi ya futi 25,000. Huko chini injini zinakula mafuta zaidi, kwa hiyo anayepanga safari anaanza hesabu upya. Rada ya hali ya hewa nayo inaweza kusubiri, mradi utabiri hauonyeshi ngurumo njiani. Sasa niambie, usiku wa masika kwenda Mwanza au Entebbe, Ziwa Victoria likiwa linawaka radi, ruhusa hiyo itakufaa nini?

Kiporo kinaruhusiwa kukaa siku ngapi?

Angalia herufi iliyowekwa kwa kila kifaa kwenye MEL. B ni siku 3, C siku 10, D siku 120. A ina muda wake, umeandikwa palepale kwenye kifungu. Siku ya kuandika haihesabiwi: hitilafu ya B iliyoingia kwenye logi, yaani daftari la hitilafu za ndege, Jumatatu muda wake unakufa Alhamisi ikiisha, saa sita usiku. Jumapili inahesabiwa, Idi inahesabiwa. Kipuri kikiwa kimekwama forodhani, hiyo ni shida yako.

Kinachonikera mimi ni kiporo kinachofungwa siku ya mwisho kwa maneno "imepimwa, iko sawa", kisha kesho yake hitilafu ileile inafunguliwa upya na saa inaanza kuhesabu mwanzo. Kwenye karatasi kila kitu ni halali. Mkaguzi mzuri hurudi nyuma kurasa kadhaa za logi na kuigundua michezo hiyo haraka.

Rubani akiandika kwa kifupi kuna ubaya gani? Si fundi atapima mwenyewe?

Fundi anapima kile alichoambiwa. Tarehe 28 Oktoba 2018, Boeing 737 MAX ya Lion Air iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta. Usukani wa kapteni ulitetemeka karibu safari nzima, onyo kwamba ndege inakaribia kukosa hewa ya kuibeba, na pua ikawa inasukumwa chini mpaka marubani wakazima swichi za mota ya mkia. Walipotua, kwenye logi waliandika kwamba vipimo vya kasi na kimo havilingani, na kwamba taa moja ya mfumo wa usukani imewaka. Mtetemo hawakuuandika. Swichi walizozima hawakuzitaja.

Fundi wa zamu akafuata maandishi: akasafisha mirija ya vipimo vya hewa, akasafisha plagi ya umeme, akapima ardhini, majibu mazuri. Asubuhi ndege ileile ikaanguka baharini na watu 189, hakupona mtu. Wachunguzi wa Indonesia walitaja mambo mengi, ukiwemo usanifu wa MCAS, mfumo uliokuwa ukisukuma pua chini, na kihisio cha pembe ya ndege kilichofungwa kikiwa kimerekebishwa vibaya. Logi yenye mapengo nayo imo kwenye ripoti.

Mafundi wenzangu wasicheke. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa na kompyuta ya geji za mafuta yenye njia mbili, moja mbovu. Fundi wa Edmonton aligundua kwamba akiizima ile mbovu geji zinarudi, akachomoa sakiti breka, swichi inayoikatia umeme, akabandika utepe, akaandika. Kule Montreal fundi mwingine akairudisha breka ili apime, geji zikazimika, akaitwa kwingine na kuiacha hivyo. Utepe bado umebandikwa. Kapteni alipoingia akakuta geji hazina kitu na utepe mahali pake, akaona vinaendana na alichosimuliwa mdomoni. MEL ilikataza kuruka na geji zote zimezimika. Wakaruka, na mafuta yakiwa yamepimwa kwa pauni badala ya kilo, yakaisha hewani. Watu wote 69 walipona kwa sababu kapteni alijua kurusha ndege zisizo na injini, akaitua Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi.

Tulikaa Dar kwenye ndege isiyo na AC, wakasema injini ndogo ya mkiani ni mbovu. Ni salama?

Kwa kawaida hiyo ni kiporo halali. Injini hiyo hutoa umeme na hewa ndege ikiwa chini, na isipokuwepo huletwa mashine ya nje kuwashia injini kubwa. Jasho lenu ni haki yenu kulalamikia, ila pelekeni huduma kwa wateja.

Kapteni anaweza kuikataa ndege ambayo fundi ameshaisaini?

Anaweza. MEL inaruhusu, haimlazimishi. Rada inaweza kuwa na siku zake 10 zote, yeye akatazama picha ya satelaiti na kusema leo siendi. Meneja atanuna na abiria watapiga kelele. Mimi nitachukua logi, niandike kapteni ameikataa na kwa nini, kisha nianze kuitafuta rada nyingine.