Ajira hakuna? Njoo Moshi mwezi wa saba

Saa tisa usiku, mwezi wa saba, nilifika kwenye kiwanda changu cha mkate nikakuta unga umeumuka mpaka unamwagika kwenye mashine ya kukandia. Mbele ya oveni alisimama kijana mmoja peke yake, hajui aanzie wapi. Wenzake wawili hawapatikani kwenye simu. Kulipokucha ndipo nikaambiwa wamepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame, wamekwenda kubeba mizigo. Siku ile maduka ya Majengo hayakupata mkate wangu, na mwenye duka akikosa mkate siku mbili mfululizo huhamia kwa mwingine bila hata kukuaga.

Nilikuwa nimejipa moyo kwa maneno tunayoyasema wote: ajira hakuna, vijana wamejaa vijiweni, akiondoka mmoja watakuja kumi. Takwimu pia nilikuwa nazo. Utafiti wa Watu Wenye Uwezo wa Kufanya Kazi wa 2020/21 ulionyesha kwamba asilimia 9 ya nguvukazi ya Tanzania haina kazi. Namba hiyo sina ugomvi nayo, ila ni ya nchi nzima. Mimi naoka mkate Moshi, usiku wa Julai.

Kwa hiyo wewe unayetaka kufungua karakana, mgahawa au kiwanda kidogo, shuka kwanza kwenye namba za mkoa wako. Ripoti za Sensa ya 2022 zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hazilipiwi. Nchi ilikuwa na watu 61,741,120, ikikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kilimanjaro tulitoka watu 1,640,087 mwaka 2012 tukafika 1,861,934. Piga hesabu, utapata kama asilimia 1.3 tu kwa mwaka. Vijana wetu wako Dar, wako Arusha, wako Dodoma. (Watu hututania kwamba Desemba Wachaga huenda nyumbani kuhesabiwa. Sensa yenyewe ilifanyika Agosti, ikawahesabu hukohuko walikokuwa.) Nilipoziona namba hizo ndipo nikaelewa kwa nini kibao changu cha "nafasi za kazi" kilikaa getini wiki tatu.

Lakini sensa haikwambii mwezi gani utaachwa. Hilo kwa Moshi anayelijua ni mlima. Watalii hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakaja tena kuanzia Desemba mpaka mvua za masika zikaribie. Mgeni mmoja huhitaji wagumu, yaani wapagazi, watatu au wanne wa kumbebea mahema, chakula na begi. Kampuni inayolipa vizuri humlipa mgumu kwa siku, na safari ya Machame ni siku sita au saba, bado tipu. Mimi nalipa kwa mwezi. Kijana wa miaka 22 hahitaji kalamu kufanya hesabu hiyo, na sikuwa na haki ya kumnunia.

Desemba ndiyo mbaya zaidi. Mabasi yanashusha watu kutoka Dar, kila nyumba ina wageni, mkate unatafutwa kama dawa, na wakati huohuo vijana wako mlimani. Mwaka wa kwanza sikuliona hilo likija.

Sasa nina daftari. Kila anayepita getini kuuliza kazi naandika tarehe, anatoka kata gani, anaweza nini na anataka alipwe kiasi gani. Anayeacha kazi naandika amekwenda wapi. Kurasa za Aprili zimejaa mpaka pembeni. Kuna ukurasa mmoja wa Agosti una jina moja, na huyo alikuwa anatafuta kazi ya udereva. Miaka miwili ya daftari hilo imenifaa kuliko semina zote nilizokaa. Nina kipimo kingine pia: jamaa mmoja anayekodisha makoti na viatu vya mlima. Akisema viatu vimemwishia, najua nina kama wiki mbili za kujipanga.

Daftari ndilo lililonionyesha kwamba wanaodumu ni akina mama wa Pasua na Njoro, hapahapa mjini, wenye watoto wa shule, ambao hawapandi mlima. Tatizo lao lilikuwa moja: usiku hawatoki. Basi nikahamisha uokaji. Tunakanda saa sita mchana, tunachoma jioni, bodaboda anasambaza alfajiri. Nilihofia wateja watalalamika kwamba mkate si wa moto. Wawili walilalamika. Akina mama wa vijijini, Kibosho na Old Moshi, sikuwategemea, maana kahawa ikiiva shambani hawashuki.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Usitumie wingi wa watu wa Aprili kuwashusha mshahara. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ipo, na hao uliowapunja Aprili ndio wa kwanza kuondoka Juni. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni haki yao, ipange kwenye miezi ambayo mkate unanunuliwa kidogo. Na kabla ya kuongeza vibarua wa Desemba, hesabu vichwa: ukifika wafanyakazi 10 unaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, anayolipa mwajiri, na TRA, Mamlaka ya Mapato, hawatasubiri msimu wako uishe.

Aprili iliyopita mmoja wa wale wawili wa Machame alirudi, viatu vimeachia soli, akitaka kazi. Nilifungua daftari nikamuuliza anapanda tena lini. Akacheka, akasema tarehe 10 Juni. Nikamwandikia mkataba wa kuishia tarehe 8.