Maswali ya Wasomaji: Kuuzunguka Mlima Hood na Shanta Jepesi

Barua za mara hii zinahusu njia ya Timberline, inayouzunguka Mlima Hood, volkano ya zaidi ya mita 3,400 katika jimbo la Oregon, Marekani. Mzunguko mzima ni takriban kilomita 65, na ukijumlisha miinuko yote utakuwa umepanda karibu mita 3,000. Wengi huanzia Timberline Lodge, hoteli iliyo mlimani, na kwenda kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Majibu yetu yanafuata mwelekeo huo.

Swali: Nina siku nne. Nataka shanta lisizidi kilo 10, chakula na maji yakiwemo. Je, nitaweza bila kuteseka kwa baridi usiku?

Utaweza, ndugu msomaji, mradi upunguze mahali penye uzito wenyewe. Anza na vitu vinne: shanta la gramu 800, hema la mtu mmoja linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea (gramu 700), blanketi la manyoya ya bata linalohimili baridi ya hadi nyuzi 5 chini ya sifuri (gramu 650) na godoro la kujaza hewa (gramu 400). Hapo una kilo 2.55. Nguo za akiba, koti la mvua, koti la manyoya, jiko, sufuria, taa, chujio la maji na dawa zisizidi kilo 3. Chakula kihesabu gramu 700 kwa siku, yaani kilo 2.8. Ongeza lita moja na nusu ya maji na mtungi wa gesi, unafika kilo 10.

Mtungi mdogo wenye gramu 100 za gesi unamtosha mtu mmoja. Kuchemsha nusu lita hula gramu 7 hivi, kwa hiyo ukichemsha lita moja na nusu kwa siku utatumia kama gramu 80 safari nzima. Upepo ndio unaoharibu hesabu hii, basi pika nyuma ya mwamba na funika sufuria.

Koti la mvua na soksi kavu za kulalia msiviache nyumbani kwa kisingizio cha wepesi. Sehemu kubwa ya njia iko juu ya mpaka wa miti au karibu nao, na mvua yenye upepo hushusha joto la mwili haraka hata mwezi wa Agosti.

Swali: Nasikia mito ya huko haina madaraja. Mtu anavukaje salama?

Hili ndilo swali lililo muhimu kuliko yote tuliyoletewa. Mito mikubwa ya njia hii (Sandy, Muddy Fork, Eliot, Newton, White River) inatoka kwenye barafuto (mito ya barafu) za mlima. Jua likipanda, barafu inayeyuka, na maji hujaa kuanzia mchana hadi jioni. Alfajiri yanakuwa chini kabisa. Kwa hiyo panga kambi kufuata mito, wala usitafute kilomita zinazolingana kila siku. Usiku wa kwanza lala kabla ya Sandy, asubuhi uvuke Sandy na Muddy Fork. Usiku wa pili lala karibu na Elk Cove ili Eliot uikute mapema. Usiku wa tatu lala kabla ya Newton.

Maji yenyewe ni ya rangi ya maziwa machafu, huoni chini. Pima kina kwa fimbo kila hatua. Tafuta mahali mto ulipotanuka na kugawanyika mikono. Pembamba ndipo penye kina na nguvu. Kivuko cha juzi kinaweza kuwa kimesombwa leo, kwa kuwa kingo ni mchanga na mawe yasiyoshikana, basi usifuate nyayo za wengine bila kuangalia. Fungua mikanda ya shanta ya kiuno na ya kifua. Vaa viatu, kamwe usivuke pekupeku. Elekea mto unakotoka, egemea fimbo mbili, sogea kiubavu, mguu mmoja baada ya mwingine. Ukianguka, vua shanta, lala chali, miguu itangulie.

Maji ya kasi yakipita goti, usivuke. Ukisikia mawe yakigongana chini ya maji, rudi ukingoni hata kama kina ni kidogo, maana jiwe moja linalobingirika linatosha kuvunja mguu. Na mvua ikinyesha mlimani, ngoja. Agosti 2014 mafuriko ya ghafla yalilisomba daraja la msimu la mto Sandy, na mpita njia mmoja akafariki. Siku moja ya chakula cha akiba, gramu 700 tu juu ya zile kilo 10, ndiyo inayokupa uhuru wa kungoja. Ndiyo sababu hatumshauri mtu abebe chakula cha kuhesabu kijiko kwa kijiko.

Swali: Chujio langu liliziba siku ya pili katika njia kama hii. Kosa ni la chujio?

Kosa ni la maji. Barafuto husaga mwamba ukawa unga laini sana, na unga huo huingia kwenye vitundu vya chujio na kukwama. Chota kwenye vijito vidogo vyenye maji maangavu vinavyoshuka kutoka chemchemi na malisho ya mlimani. Ukilazimika kuchota mtoni, acha maji yatulie chomboni usiku kucha, mimina ya juu kupitia kitambaa, ndipo uchuje. Kisha sukuma maji safi kinyumenyume kulisafisha chujio. Usiku lilale nawe ndani ya blanketi, kwani likiganda linapasuka ndani bila kuonekana, na halifai tena. Beba pia vidonge vya klorini dioksidi vya kusafishia maji, ukikumbuka kwamba vimelea sugu kama kriptosporidiamu huhitaji muda wa saa nne ili vife.

Swali: Vigingi vinang'oka kwenye mchanga wa volkano. Nibebe virefu zaidi?

Urefu husaidia kidogo. Dawa ni kuzika: funga kamba katikati ya kijiti kinene au jiwe refu, lichimbie sentimita 25 likiwa limelala kukingama na kamba, shindilia, weka mawe juu. Hema la fimbo halisimami bila kamba zilizokazwa, hivyo beba mita 6 za kamba nyembamba zaidi. Mchanga huohuo huingia viatuni na kuleta malengelenge; funika shingo ya kiatu kwa kitambaa cha kujikinga na vumbi, na kung'uta soksi kila mapumziko, hasa kabla ya mpando wa mwisho kutoka White River hadi Timberline Lodge, karibu mita 300 za mchanga mtupu.