Acheni kuwaambia wagonjwa "ni stresi tu"

Jana nimemsikia mmoja wenu akimwambia mama wa watu, "Mama, hizo ni stresi tu, nenda ukapumzike." Nikaondoka kabla mdomo haujaniponza. Basi leo nasema, wadogo zangu.

1. Msongo, hiyo stresi yenu, una sababu unayoweza kuinyooshea kidole: kodi, mume, msimu wa watalii uliokufa. Sababu ikiondoka, mtu hulala. Wasiwasi uliogeuka ugonjwa hauhitaji sababu. Mlango kubishwa hodi tu waweza kuutosha. Sonona nayo (depression, ugonjwa wa kukosa hamu na furaha) si lazima kilio. Ni yule anayewekewa samaki wa kupaka na mamake, akasukuma sahani. Msongo wa muda mrefu huweza kuzaa yote mawili, na deni likilipwa yasiondoke. Kisha sonona hugeuka ikazaa msongo mpya: mtu hainuki kitandani, kazi inapotea.

2. Ulizeni muguka (majani ya kutafuna kama miraa) na kahawa tungu kabla ya kuandika wasiwasi, maana huleta dalili zile zile. Pimeni damu na tezi ya shingo, nazo zikiharibika huweza kufanana na wasiwasi.

3. GAD-7, fomu ya maswali ya kupima wasiwasi, bila PHQ-9, ile ya kupima sonona, ni kazi nusu. Alikuja dereva wa tuktuk, mcheshi, moyo wamwenda mbio, usingizi hapati. Kipimo cha moyo safi. Ana deni la tuktuk, nikaona nimeshajua kila kitu. GAD-7 ikatoa alama 16, wasiwasi mkali, nikajiona bingwa. Foleni ilikuwa imefika nje, PHQ-9 nikaisukumiza chini ya faili. Akitoka akasema, "Mimi na hili deni tutaachana tu karibuni, daktari." Nikacheka naye. Nilicheka! Na swali la 9 kwenye fomu ile ile niliyoificha lauliza waziwazi mawazo ya kufa au kujidhuru. Siku chache baadaye nduguze wakamleta usiku, amejaribu kujiua. Alipona, alhamdulillahi. Ndipo mkewe akanieleza kuwa kwa miezi alikuwa hatazami mpira, haongei na watoto, ucheshi anauacha kwa abiria. Mke alikuwa amekaa pale kwenye benchi siku ile ya kwanza. Sikumwita.

Kumuuliza mtu habari ya kujiua hakumpandikizii wazo. Ulizeni, hata foleni ikifika barabarani.

4. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na siku za mwanzo wasiwasi huweza kuzidi. Msipomwambia mgonjwa ataziacha siku ya tatu, kisha mje kwangu mkilalamika kwamba wagonjwa wa Mombasa hawasikii.