Kutoka Ukalimani Hadi Ualimu Mkuu: Niliyojifunza kwa Kiongozi Wangu wa Houston

Nilipoanza kazi ya msaidizi wa darasa katika shule moja ya msingi ya Houston, Texas, nilikuwa nimekwisha kufundisha Morogoro kwa miaka sita, na niliamini kwamba sina kikubwa cha kujifunza isipokuwa Kiingereza cha Wamarekani. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mwalimu mkuu wa shule ile, Mmarekani mwenye asili ya Mexico, ambaye sitamtaja jina. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaozungumza Kiswahili katika shule za Marekani, wale ambao kila siku huitwa ofisini kuwatafsiria wazazi na hawajui kama kazi hiyo inawapandisha au inawadidimiza.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja aliyetoka Kongo aliitwa shuleni kuzungumzia maendeleo ya mwanawe wa darasa la kwanza, aliyekuwa nyuma sana katika kusoma. Nilikuwa na zamu ya kusimamia chakula cha mchana, nikamwambia mwalimu wa darasa amtumie dada wa yule mtoto, binti wa miaka 10 aliyekwisha kukijua Kiingereza. Binti akamweleza mama yake kwamba mwalimu anamsifu mdogo wake, ila anataka awahi kulala. Mama alitia sahihi fomu aliyopewa, akashukuru, akaondoka na furaha.

Mwalimu mkuu alipopata habari aliniita. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba alizaliwa katika bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas, katika familia ya vibarua wa mashambani ambao kila mwaka, kabla shule hazijafungwa, walisafiri hadi Michigan kuchuma matunda na kurudi muhula mpya ukiwa umeshaanza. Alipokuwa na miaka tisa, alisimama kati ya mama yake na mwalimu aliyekuwa akieleza kwamba mtoto huyu amekosa masomo mengi mno na atalazimika kurudia darasa. Yeye akamtafsiria mama kwamba mwalimu ameridhika naye. Mama yake aliujua ukweli miezi mingi baadaye, alipomkuta binti yake ameketi na watoto wadogo kuliko yeye. Tangu siku aliyonisimulia hayo sijamruhusu mtoto yeyote kuwa mkalimani wa mzazi wake. Tulimwita tena yule mama, tukaanza upya nami nikitafsiri, na ile fomu tukaichana mbele yake.

Njia yake ya kazi haikuwa fupi. Alianza akiwa msaidizi wa darasa kama mimi, akisoma chuo jioni. Akapata leseni ya kufundisha kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza. Akafundisha darasa la kwanza miaka minane. Kisha akawa mshauri wa walimu wenzake katika ufundishaji, na ndipo akawa mwalimu mkuu msaidizi. Hapo, aliniambia, ndipo nusura akwame. Alipewa nidhamu, mabasi, vitabu na ukalimani wa shule nzima, huku mwenzake wa cheo kilekile, asiyejua Kihispania, akipewa bajeti, ratiba na ukaguzi wa ufundishaji. Baada ya miaka miwili mwenzake alikuwa na la kueleza mbele ya kamati ya usaili, naye alikuwa na shukrani za wazazi tu. Basi aliandika barua akiomba wabadilishane majukumu, na baada ya kuombaomba sana akakubaliwa.

Ninaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyochukuliwa. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa shule za umma za Marekani wana asili ya Amerika ya Kilatini, lakini kati ya walimu wakuu wa shule hizo, takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2020–21 zilionyesha kwamba ni asilimia 9 tu. Sababu ziko nyingi, na mojawapo nimeiona kwa macho yangu: anayejua lugha mbili hubebeshwa mzigo ambao hauandikwi popote. Kwa hiyo ukiitwa kutafsiri, nenda, lakini andika saa ulizotumia, kila wiki, na mwisho wa muhula uziweke mezani kwa kiongozi wako. Mwombe akulipe au akupunguzie jukumu jingine. Unapofika kwenye usaidizi wa mwalimu mkuu, omba bajeti na ukaguzi wa ufundishaji mapema, kabla hujazoeleka kuwa mtu wa mabasi. Shule haikupi hisani inapogharimia mkalimani, kwa maana Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1974 katika shauri la Lau dhidi ya Nichols, lililoletwa na wanafunzi wenye asili ya China wa San Francisco, ndizo zilizoweka msingi wa wajibu huo.

Kuhusu uongozi wake, jambo lililonigusa zaidi ni jinsi alivyoendesha vikao vya wazazi. Alizungumza Kihispania, na walimu na wazazi wasiokijua ndio waliovaa vipokea sauti vya masikioni ili wasikilize tafsiri. Mara ya kwanza baadhi ya walimu walinung'unika. Aliwaeleza habari za Marfa, mji mdogo wa magharibi mwa Texas, ambako mwaka 1954, katika shule ya Blackwell ya watoto wenye asili ya Mexico, wanafunzi waliandikishwa maneno kwenye vipande vya karatasi, vikatiwa ndani ya kisanduku na kuzikwa uwanjani, kuwa ndiyo mazishi ya Kihispania. Nilipomsikia nilikumbuka kibao nilichovishwa shingoni nikiwa sekondari kwa kosa la kusema Kiswahili, nami ni Mtanzania niliyekuwa katika ardhi ya Tanzania.

Hata hivyo alikosea nasi, na namna alivyolipokea kosa lake imenifundisha kuliko mafanikio yake. Familia za Wakongo zilipoongezeka alidhani wote wanasoma Kifaransa, akaagiza barua zitafsiriwe kwa lugha hiyo, na kikaoni walikuja wazazi wawili. Nilimweleza kwamba wengi wao husema Kiswahili, tena Kiswahili chao si changu. Wao wakisema mtoto amekwenda "ku masomo" wanamaanisha shuleni, na mimi mwenyewe ilinibidi nijifunze kuwasikiliza kabla ya kuwatafsiria. Katika kikao kilichofuata alisimama mbele ya wazazi wote akaomba radhi, kwa maelezo kwamba Kihispania kilikuwa kimekuwa lugha ya wakubwa katika shule ile na yeye hakuliona hilo. Kuanzia mwezi ule saa zangu za ukalimani zililipwa.

Sikubaliani naye katika kila kitu. Alikaa ofisini hadi saa mbili usiku, hakumwachia mtu mapokezi wala lango la asubuhi, na walimu vijana walidhani kwamba uongozi maana yake ni kutolala. Wawili waliokuwa na kipaji waliacha kazi. Ningependa angegawa madaraka mapema zaidi.

Kwa anayetaka kufuata njia hii huko Texas, cheti cha mwalimu mkuu kinadai shahada ya uzamili, leseni ya ualimu, angalau miaka miwili ya kufundisha, kozi maalumu na mitihani. Shahada ya Tanzania au Kongo hutathminiwa na taasisi zinazotambuliwa na jimbo, kwa hiyo fuatilia nakala za matokeo yako ukiwa bado nyumbani; mimi nilimtuma mdogo wangu chuoni mara tatu.

Mwaka jana niliongoza kikao changu cha kwanza nikiwa mwalimu mkuu msaidizi. Alikuja mama kutoka Honduras, na mkalimani wa kulipwa akaketi ubavuni mwake, nyuma kidogo, ili mimi na mama tutazamane usoni. Kijana wake wa miaka 11 alikuwa amemsindikiza na alitaka kuingia. Nilimwomba aende uwanjani, na kikao kilipokwisha tulimkuta anacheza mpira, bila habari ya tuliyozungumza.